Kofia Ngumu na Kudra ya Mungu

"Ajali haina kinga" ni kauli inayosikika katika vijiwe vingi vya bodaboda, na mara nyingi hutolewa kama jibu. Dereva huulizwa kwa nini kofia ngumu imening'inia kwenye usukani wakati kichwa chake kiko wazi, naye hujibu kwamba siku ikifika imefika, na kofia haiwezi kuzuia alichokwisha kuandika Mungu. Anayejibu hivyo hafanyi mzaha. Amewazika wenzake waliokuwa wamevaa, na anawajua wengine waliopanda vichwa wazi miaka nenda miaka rudi na bado wazima. Anasema pia kama mtu wa dini, na kwa sababu hiyo jibu lake halistahili kuachiwa askari wa barabarani walimalize kwa faini. Ndani yake mna dai zito: kwamba kama saa ya kufa imepangwa, tahadhari haina kazi.

Dai hili ni la kale sana. Wagiriki waliliita hoja ya uvivu, na Cicero, mwanasiasa na mwanafalsafa wa Roma katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, alilihifadhi katika kitabu chake kuhusu majaaliwa. Hoja yenyewe ni hii: mgonjwa ama amepangiwa kupona ama amepangiwa kufa. Ikiwa ni kupona, atapona hata asipomwita tabibu. Ikiwa ni kufa, atakufa hata akimwita. Basi tabibu wa nini? Aliyejaribu kuijibu ni Chrysippus, aliyeongoza shule ya falsafa ya Wastoa huko Athens katika karne ya tatu kabla ya Kristo, na jibu lake lina uzito wa pekee kwa kuwa yeye mwenyewe aliamini kwa dhati kwamba kila jambo limepangwa. Alisema kwamba mambo mengi hayapangwi yakiwa peke yake. Hupangwa pamoja na njia zake. Mwanamieleka hawezi kuandikiwa kupigana mieleka pasipo kuandikiwa mpinzani, wala mtu hawezi kuandikiwa mtoto pasipo kuandikiwa kukutana na mwenzake. Vivyo hivyo, mgonjwa aliyepangiwa kupona huenda amepangiwa kupona kwa mkono wa tabibu, na kumwita tabibu ni sehemu ya hayo yaliyopangwa.

Jibu la Chrysippus linamfaa dereva wa Mbeya au wa Kisumu bila kubadilishwa sana. Kama Mungu amemwandikia kufika salama, hakuna aliyeambiwa kwamba amemwandikia kufika salama kwa breki mbovu, tairi lililokwisha na kichwa wazi. Hajui kilichoandikwa. Anachokijua ni kamba ya kofia iliyo mbele ya mikono yake, na uamuzi wa kuifunga au kuiacha ni wake.

Kuna ushahidi mwingine dhidi ya hoja ya uvivu, nao unapatikana katika maisha ya hao hao wanaoitoa. Dereva anayesema siku ikifika imefika huifunga pikipiki yake kwa mnyororo na kufuli usiku, wakati kuibwa nako ni jambo la kudra. Huamka alfajiri kuwahi abiria, wakati riziki nayo imeandikwa. Hapandi gari la abiria lisilo na usukani eti kwa kuwa ajali haina kinga. Hakuna mwanadamu anayeishi kwa imani ya kwamba njia hazina kazi; watu huichagua imani hiyo mahali pachache, na kwa kawaida ni pale ambapo tahadhari inaleta joto, inavuruga nywele au inagharimu fedha. Hii haimaanishi kwamba dereva ni mnafiki. Inaonyesha tu kwamba kinachoitwa imani katika kudra hapo kijiweni ni uchovu na mazoea yaliyovaa kanzu ya dini, na dini yenyewe imekwisha kulitolea hukumu jambo hili.

Katika Uislamu hukumu hiyo ilitolewa mapema, tena katika jambo la kufa na kupona. Mwaka wa 18 Hijria, sawa na 639, Khalifa Umar bin Khattab alikuwa njiani kwenda Sham, eneo la Syria, alipofika mahali paitwapo Sargh na kupokewa na makamanda wake kwa habari kwamba tauni imeingia huko. Alishauriana na Muhajirina, yaani Waislamu waliohama kutoka Makka, kisha Ansari, wenyeji wa Madina waliowapokea, kisha wazee wa Kikuraishi, na mwisho akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubaida bin Jarrah, mmoja wa masahaba wakubwa, alimuuliza kama anaikimbia kudra ya Mwenyezi Mungu. Umar alijibu kwamba ndiyo, wanaikimbia kudra ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kudra ya Mwenyezi Mungu. Kisha akamtolea mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeshuka kwenye bonde lenye pande mbili, mmoja una majani na mwingine mkavu: popote atakapowalisha atakuwa amewalisha kwa kudra ya Mungu, lakini mchungaji mwenye akili anajua aende upande gani. Baadaye Abdurahman bin Auf, ambaye hakuwapo wakati wa mashauriano, alifika na kueleza kwamba alimsikia Mtume akikataza kuingia katika nchi yenye tauni na kukataza kutoka humo kwa kuikimbia. Umar akamhimidi Mungu na kuondoka. Abu Ubaida alibaki na jeshi lake, na tauni hiyo ndiyo iliyomuua.

Kisa hiki kinafundisha zaidi ya hadithi mashuhuri iliyopokewa na Tirmidhi, ya bedui aliyeagizwa amfunge kwanza ngamia wake ndipo amtegemee Mungu. Bedui alikuwa anauliza tu. Umar alikuwa anabishana na mtu mcha Mungu kuliko wengi, na hoja yake ikaonyesha kwamba hakuna mahali nje ya kudra ambapo mtu anaweza kukimbilia. Anayevaa kofia hajatoka katika uwezo wa Mungu. Amehama kutoka hali moja iliyo mikononi mwa Mungu kwenda hali nyingine iliyo mikononi mwa Mungu huyo huyo. Imam Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aliifafanua hoja hiyo katika mjadala wake wa kutawakali, yaani kumtegemea Mungu. Alisema mtu mwenye njaa aliyewekewa chakula mbele yake, akakataa kunyoosha mkono kwa kudai anamtegemea Mungu, hajatawakali hata kidogo. Huo ni wazimu. Kutawakali kuko moyoni, katika kujua kwamba mkono, chakula na shibe vyote vinatoka kwa Mungu. Mkono wenyewe lazima unyooshwe.

Ukristo unafika hapo hapo kwa njia nyingine. Katika sura ya 4 ya Injili ya Mathayo, Ibilisi anampandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu na kumtaka ajitupe chini, akimnukulia zaburi inayoahidi ulinzi wa malaika. Kinachostahili kuangaliwa ni kwamba anayezungumza lugha ya imani katika kisa hicho ni mjaribu. Ahadi ya Mungu inageuzwa kuwa sababu ya kujiweka hatarini, na Yesu anajibu kwa amri ya Kumbukumbu la Torati inayokataza kumjaribu Mungu. Anayeshika mteremko wa Kitonga akiwa ameachia breki na kusema Mungu yupo amesimama juu ya kinara kile kile.

Kitabu hicho cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, kina amri nyingine ambayo haitajwi sana mahubirini lakini inaligusa suala hili kwa karibu zaidi. Anayejenga nyumba ameamriwa azungushe ukuta mfupi ukingoni mwa paa lake, ili damu isije juu ya nyumba yake mtu akianguka. Paa za zama hizo zilikuwa bapa na watu walikaa juu yake jioni. Aliyeanguka aliweza kuwa mzembe, na siku zake ziliweza kuwa zimefika. Amri haiulizi hayo. Inamgeukia mwenye paa. Marabi wa Kiyahudi, miongoni mwao Maimonides katika karne ya 12, waliipanua amri hiyo ikafika kwenye kila kitu chenye hatari ambacho mtu anakimiliki na anaweza kukiondoa au kukizibia.

Upanuzi huo unafika hadi barabarani, kwa sababu pikipiki nyingi za bodaboda haziendeshwi na mwenyewe. Kijana hupewa chombo kwa mkataba, hupeleka hesabu kila siku, na baada ya muda waliokubaliana chombo kinakuwa chake. Hesabu isipofika, chombo kinarudi kwa bosi na jasho la miezi linapotea. Katika hali hiyo mwendo wa kasi, kuchomekea mbele ya daladala na kupakia mshikaki wa abiria watatu si tabia ya kijana peke yake. Bosi aliyeweka hesabu isiyofikiwa pasipo kukimbia, akatoa chombo chenye kofia moja tu wakati anajua kitabeba watu wawili, amejenga paa bila ukuta. Mafundisho ya usalama yanayomkemea dereva na kumnyamazia mwenye chombo yanaacha nusu ya amri ile nyuma.

Ni vizuri kujua pia kofia inafanya nini na haifanyi nini, kwa kuwa hoja ya kudra hupata nguvu kutokana na kutolijua hilo. Kofia nzuri ina gamba gumu la nje, povu gumu ndani yake na kamba ya kidevuni. Kichwa kinapogonga lami, povu husinyaa na kukipa nafasi ya kusimama kwa muda mrefu kidogo zaidi, sehemu ndogo sana za sekunde, na nguvu ambayo ingeishia kwenye fuvu na ubongo inapungua. Povu likishasinyaa halirudi. Kofia iliyopata pigo kubwa imemaliza kazi hata kama rangi yake bado inang'aa. Isipofungwa kamba huruka kabla kichwa hakijafika chini. Kofia ya fundi ujenzi, ambayo baadhi ya abiria hupewa ili askari aridhike, haikutengenezwa kwa pigo la namna hii. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2008 yalikadiria kwamba kofia inapunguza hatari ya kufa kwa mpanda pikipiki aliyepata ajali kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Katika tarakimu hizo wale wenzake dereva wa kijiweni waliokufa wakiwa wamevaa wanapata nafasi yao. Asilimia 42 si asilimia mia. Kauli ya kijiweni ina kweli ndani yake: lori likikosa breki kwenye mteremko wa Sekenke, kofia haitalizuia, na dereva hodari kuliko wote hana mamlaka juu ya mlevi anayetoka upande wa pili. Kofia haikutengenezwa kuizuia ajali. Imetengenezwa kwa ajili ya sekunde inayofuata baada ya ajali kuwa imekwisha kutokea. Mtu anayeitupa kwa sababu haizuii kila kifo ameitaka iwe Mungu, kisha akaikataa kwa kuwa si Mungu.

Historia inaonyesha jinsi kifo kinachoonekana cha kudra kinavyoweza kugeuka swali. Mei 1935, T. E. Lawrence, ofisa wa Uingereza aliyejulikana kwa vita vya Waarabu dhidi ya Waturuki, alianguka na pikipiki yake karibu na nyumbani kwake katika jimbo la Dorset akijaribu kuwakwepa wavulana wawili waliokuwa kwenye baiskeli. Hakuwa na kofia. Alikaa siku sita bila fahamu akafa. Miongoni mwa madaktari waliomwona alikuwa Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo mzaliwa wa Australia, ambaye baadaye aliwachunguza wanajeshi wapeleka barua waliokuwa wakifa kwa wingi juu ya pikipiki. Mwaka 1941 alichapisha matokeo yake kuhusu umuhimu wa kofia, na kabla mwaka huo haujaisha jeshi la Uingereza likawalazimisha wapanda pikipiki wake kuvaa. Cairns hakukana kwamba watu wana siku zao. Aliuliza tu ni nini kilichokivunja kichwa, na kama kingeweza kutovunjika.

Swali hilo la njia, na lile la sababu ya mwisho, yanaishi pamoja katika fikra za Kiafrika pia. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu Wazande, ambao leo wako Sudan Kusini, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati, alieleza habari ya ghala linaloanguka na kuwaumiza waliokaa kivulini mwake. Wazande walijua vizuri kwamba mchwa ndio waliokula nguzo. Walichouliza ni kwa nini ghala lile lianguke saa ile, juu ya watu wale. Uchawi ulijibu swali la pili; la kwanza walimwachia mchwa. Swali lile lile huulizwa msibani baada ya ajali ya pikipiki: kwa nini yeye, kwa nini siku ya harusi ya dada yake? Wengine hujibu kwa kudra, wengine kwa mkono wa mtu. Jibu lolote watakalolichagua haliwaondolei mchwa. Jamii inayolishughulikia swali la pili tu itaendelea kuwazika vijana chini ya nguzo zilizoliwa.

Yupo anayeweza kukubali yote haya na bado akasema: kichwa ni changu. Huyu hatoi hoja ya kudra, anatoa hoja ya uhuru. Mwanafalsafa wa Uingereza John Stuart Mill aliitetea katika kitabu chake cha mwaka 1859: jamii ina haki ya kumzuia mtu mzima asiwadhuru wengine, ila haina haki ya kumlazimisha kwa faida yake mwenyewe. Hata hivyo Mill mwenyewe alikubali kwamba anayeelekea kwenye daraja bovu bila kujua anaweza kushikwa na kurudishwa. Dini zenye mizizi Afrika Mashariki zinamjibu Mill mapema zaidi, kwenye neno "changu". Kwa Mwislamu na Mkristo mwili ni amana, na Qurani katika sura ya pili inakataza watu kujiingiza kwa mikono yao katika maangamizi. John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, aliandika mwaka 1969 kwamba mtu katika fikra za Kiafrika yupo kwa sababu ya watu wake. Kichwa kinachopasuka barabarani ni ada ya shule ya mdogo wake, dawa za mama yake na kitanda cha hospitali ambacho mwingine angelalia. Na dereva wa bodaboda habebi kichwa kimoja.

Uhuru wa dini nao una kesi yake ya kweli, tofauti kabisa na ya kijiweni. Uingereza ilipowalazimisha wapanda pikipiki kuvaa kofia mwaka 1973, Masingasinga walipinga kwa kuwa kilemba chao ni wajibu wa dini, na kofia haiwezi kuvaliwa juu yake. Mwaka 1976 bunge likapitisha sheria ya kuwasamehe waliovaa kilemba. Watu wema wanaweza kutofautiana juu ya sheria hiyo. Jambo la kuzingatia ni kwamba Singasinga hakudai kofia haina faida. Alidai kwamba kuna wajibu mzito kuliko usalama wake, na yuko tayari kulipa gharama. Anayeiacha kofia kwa jina la kudra hana wajibu anaoulinda. Hakuna kitabu kilichomwamuru apande kichwa wazi.

Kwa hiyo imani katika kudra ina mahali gani? Ibn Taymiyya, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1328, aliweka mpaka unaosaidia: kudra hutajwa mtu anapofikwa na msiba, haitajwi kama udhuru wa kosa. Mama aliyempoteza mwanawe anaambiwa ni kazi ya Mungu, na maneno hayo yanamshika asianguke. Dereva aliyekata kona kwa kasi na abiria hana kofia hawezi kuyachukua maneno yale yale akajifutia dhambi. Kauli ni moja. Inabadilika kufuatana na aliyeitamka na wakati alioitamka. Kabla ya safari ni udhuru, baada ya msiba ni faraja, na anayeitamka kwanza kijiweni anamnyang'anya mama faraja atakayoihitaji kesho.

Sheria ya Kiislamu imelibeba hilo hadi kwenye hukumu. Qurani, sura ya nne, inamwekea aliyeua kwa bahati mbaya fidia kwa familia ya marehemu, na kafara juu yake mwenyewe, ambayo kwa asiyeweza kumwacha huru mtumwa ni kufunga miezi miwili mfululizo. Kifo kilikuwa cha Mungu. Fidia na kafara bado vinadaiwa. Mwaka 1993, huko Bandar Seri Begawan nchini Brunei, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilizipitia ajali za barabarani na kuamua kwamba kutii kanuni za barabara zisizopingana na sheria ya dini ni wajibu wa kidini. Liliamua pia kwamba dereva anabeba dhamana ya madhara anayowasababishia wengine, isipokuwa ajali iwe imetokana na nguvu asiyoweza kuizuia, au kosa liwe la aliyeumia mwenyewe au la mtu wa tatu. Wakiwa wameshiriki wote katika kosa, kila mmoja anabeba sehemu yake.